Bima ya ukame ya ARC: je, wizara ya fedha inapata thamani ya pesa zake?

Bidhaa ninayoihakiki hapa haiuzwi dukani, na katika kila nchi mteja wake mkuu ni mmoja: wizara ya fedha. Ni bima ya ukame ya African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika iliyoundwa mwaka 2012 na ambayo wengi huiita kwa kifupi ARC, inayouzwa kupitia kampuni yake ya bima iliyosajiliwa Bermuda. Serikali hulipa ada kabla ya msimu wa mvua kuanza, na mvua ikipungua kupita kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kampuni huilipa serikali fidia bila kusubiri mtu apite shambani kuhesabu mabua yaliyokauka. Kwa kuwa ada hiyo hatimaye hutoka kwa mlipakodi, naona ana haki ya kusomewa hakiki ya bima hii kama anavyosomewa hakiki ya simu au ya hoteli.

Nilianza kuifuatilia nikiwa katika idara ya bajeti ya kaunti moja kavu ya kaskazini mwa Kenya. Mwaka mmoja mvua za vuli zilipokosekana, tulikaa alasiri nzima na jedwali la bajeti ya ziada tukitafuta pesa za maboza ya maji, na tulizipata kwenye paa la zahanati. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, mabati yalikuwa yameshaagizwa, na fungu lile likafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Maboza yalisafiri, watu na mifugo wakanywa, na sidhani kuna aliyekosea katika chumba kile. Lakini mwaka uliofuata mkandarasi alidai fidia ya kucheleweshwa, bei ya mabati ilikuwa imepanda, na mbuzi walionusurika walikuwa wamejipatia kivuli ndani ya kuta zile. Katika hesabu za kufunga mwaka hapakuwa na mstari ulioandikwa "hasara ya ukame". Hasara ilikuwa imejibanza kwenye zahanati isiyo na paa, na mkaguzi aliyekuja baadaye aliiandika kama mradi uliokwama.

Nchi nzima huumia kwa namna hiyohiyo, ila kwa tarakimu ndefu zaidi. Chukua Malawi, ambayo nitairudia mara kwa mara kwa sababu hakuna mteja aliyeijaribu bima hii kwa uchungu kuliko yeye. Tumbaku ndiyo inayoiletea nchi hiyo sehemu kubwa ya dola, na tumbaku hutegemea mvua. Mahindi ndiyo chakula, nayo hutegemea mvua hiyohiyo. Na umeme wake kwa sehemu kubwa hutoka katika mto Shire. Kwa hiyo msimu ukiharibika, dola hupungua wakati uleule serikali inapozihitaji kununulia mahindi ya nje, viwanda huzalisha kidogo, kodi ya ongezeko la thamani hushuka, na wizara hulazimika ama kukata miradi ama kukopa katika soko la ndani kwa riba kubwa. Mwenye kukopesha naye si kipofu. Utafiti uliofanywa mwaka 2018 na wasomi wa Imperial College na SOAS, vyuo vikuu viwili vya London, ulikadiria kwamba katika nchi zilizo hatarini zaidi kwa tabianchi, kwa kila dola 10 za riba zinazolipwa, kuna dola moja ya ziada inayotokana na hatari hiyo pekee. Yaani nchi hulipia ukame hata katika mwaka ambao mvua imenyesha vizuri.

Hapo ndipo muuzaji wa bima anapobisha hodi, na ni lazima nikiri kwamba wazo lake ni zuri. Ukame mara chache hulipiga bara zima katika msimu mmoja; Sahel, ule ukanda mkavu ulio chini ya jangwa la Sahara, inaweza kuungua huku kusini mwa Afrika kukiwa na mavuno. Nchi nyingi zikichanga katika chungu kimoja, kila moja hulipa ada ndogo kuliko ambayo ingelipa kama ingekwenda sokoni peke yake, na kampuni nayo hupunguza mzigo wake kwa kununua bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima hujikatia zenyewe, katika masoko ya kimataifa. Mtaji wa kuanzia ulitolewa na Uingereza na Ujerumani. Ukomo wa fidia ni dola milioni 30 kwa nchi, kwa msimu mmoja na kwa janga la aina moja. Mteja huchagua mwenyewe zao litakalofuatiliwa, kizingiti ambacho fidia itaanzia na kiwango cha juu anachotaka, na kila uchaguzi hupandisha au kushusha ada. Anayetaka kulipwa kwa ukame unaotokea kila baada ya miaka mitatu atatozwa ada kubwa, na aliyeridhika kulindwa dhidi ya ule wa mara moja katika kizazi atatozwa ndogo.

Kiini cha bidhaa ni programu ya kompyuta iitwayo Africa RiskView. Kila baada ya siku kumi hupokea makadirio ya mvua kutoka kwa setilaiti, huhesabu kama maji yaliyopatikana yalilitosha zao katika kila hatua ya kukua, hulinganisha na miaka iliyopita, kisha hugeuza upungufu huo kuwa idadi ya watu watakaohitaji msaada na idadi hiyo kuwa dola. Hakuna fomu ya madai, hakuna mpelelezi wa kampuni, na waziri hawezi kutia chumvi. Pia nchi haiwezi kununua kabla ya kuandika mpango unaoeleza fidia ikija itatumikaje, na masharti yanataka msaada uanze kuwafikia watu ndani ya siku 120. Binafsi naona mpango huo wa matumizi ndio sehemu bora ya bidhaa nzima. Nimeziona bajeti za dharura zilizoandikwa usiku kucha, na najua jinsi zinavyovuja.

Mauzo ya kwanza yalianza vizuri. Mwaka 2014 Kenya, Mauritania, Niger na Senegal zilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Mvua za Sahel zilipokwenda kombo msimu huo, nchi tatu kati ya hizo zililipwa kwa jumla zaidi ya dola milioni 26 mapema mwaka 2015, kubwa kuliko zote ikiwa ya Senegal ya dola milioni 16.5, ilhali ada zao tatu kwa pamoja zilikuwa takriban dola milioni 8. Pesa zilifika kabla Umoja wa Mataifa haujatoa ombi lake la misaada kwa Sahel mwaka huo. Mtu aliyewahi kusubiri pesa za wafadhili anajua uzito wa sentensi hiyo. Mfugaji aliyepewa chakula cha mifugo mwezi wa kwanza hubaki na mbuzi wake, na aliyepewa mwezi wa sita hubaki na ngozi.

Kisha ikaja zamu ya Malawi. Kwa msimu wa 2015/16 serikali ililipa ada ya takriban dola milioni 4.7. El Niño ikavuruga mvua, na tarehe 12 Aprili 2016 Rais Peter Mutharika akatangaza hali ya janga. Tathmini za nchini zilionyesha kwamba watu wapatao milioni 6.5 wangehitaji chakula. Programu ilionyesha elfu ishirini na kitu, na kwa idadi hiyo hakukuwa na fidia ya kulipa.

Inafaa tulisogelee shamba lenyewe ili tuone kosa lilipokuwa. Mhindi, yaani mmea wa mahindi, hauhitaji maji sawasawa maisha yake yote. Ukiwa mdogo huvumilia, ukishakomaa huvumilia, lakini unapochanua, mbelewele zikiwa juu na ndevu zikichomoza kwenye gunzi, siku kumi za jua kali zinatosha kukuachia gunzi lenye punje chache kama meno ya mzee. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayepima ukame kwa setilaiti ni siku gani mhindi huo unachanua. Programu ilikuwa imewekwa ikiamini kwamba mkulima wa Malawi hupanda mbegu ya muda mrefu, inayokomaa kwa siku 120 hadi 140. Wakulima wengi walikuwa wameshahamia mbegu za muda mfupi, za siku 90 hadi 100, na walihamia kwa sababu ya mabadiliko yaleyale ya tabianchi ambayo bima ilinunuliwa kuyakabili. Mhindi wa kwenye kompyuta ulikuwa na nafasi ya kusubiri mvua iliyochelewa. Mhindi wa shambani ulikuwa umeshachanua kwenye ukame na kupita.

Baada ya malalamiko ya serikali na uchunguzi uliofanywa mashambani, kampuni ilikubali kubadilisha kigezo hicho, hesabu ikarudiwa, na mwezi Novemba 2016 ikatangazwa kwamba Malawi italipwa dola milioni 8.1. Kwa huduma baada ya mauzo naipa alama nzuri, kwa sababu si makampuni mengi ya bima ninayoyajua yanayorudi kwa mteja na kusema tulikosea kupima. Lakini kutoka Aprili hadi Novemba ni miezi saba, na bidhaa hii inauzwa kwa jina la haraka. Jambo linalonikera zaidi ni kwamba kosa lenyewe halikuhitaji setilaiti kuligundua. Muuza pembejeo yeyote kwenye stendi ya basi angeweza kumwambia mtaalamu ni mbegu gani inayotoka zaidi, na mazungumzo hayo yasingezidi dakika tano. Serikali ilikuwa imeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa haki ni lazima tuseme kwamba nayo haikufungua gunia kabla ya kutia saini.

Kenya ilikuwa mteja wa aina nyingine. Ililipa ada katika misimu miwili ya mwanzo, haikufikia kizingiti, haikulipwa kitu, na haikuendelea. Mwezi Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa, watu milioni 2.7 wakiwa na uhitaji wa chakula. Nimewasikia wenzangu wakiisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba bima ni upotevu wa pesa. Sikubaliani nao, maana hakuna anayelaani bima ya gari kwa sababu hakupata ajali mwaka jana. Ila nauelewa ugumu wa ofisa anayekwenda mbele ya kamati ya bunge kuomba fungu kwa mwaka wa tatu mfululizo kwa kitu ambacho hakijarudisha hata senti, huku hospitali zikidaiwa. Wauzaji wa bidhaa hii hawajapata namna nzuri ya kulieleza hilo kwa wabunge, na ada ndiyo mstari rahisi kuliko yote kufutwa wakati pesa zinapobana.

Ukubwa wa fidia ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Dola milioni 8.1 za Malawi ziliwekwa mbele ya gharama ya msaada iliyozidi dola milioni 300, yaani hata senti tatu kwa kila dola hazikufika. Mwaka 2024, El Niño iliporudi kusini mwa Afrika, Zimbabwe ilisema inahitaji dola bilioni 2, na fidia iliyokwenda kwa serikali yake ilikuwa dola milioni 16.8. Malawi, ambayo ilikuwa imerudi sokoni na kulipwa dola milioni 14.2 kwa msimu wa 2021/22, safari hiyo ilipata dola milioni 11.2 baada ya kutangaza janga katika wilaya 23 kati ya 28. Nazitaja tarakimu hizi kwa sababu hotuba za kukabidhiana hundi, pamoja na hundi yenyewe iliyochapwa kwa ukubwa wa mlango, humfanya msikilizaji aamini kwamba ukame umelipiwa. Kilicholipiwa ni majuma machache ya kwanza. Kama wizara imenunua majuma hayo ikijua ndiyo inayonunua, imefanya jambo la busara. Kama imeyanunua ikidhani imenunua mwaka mzima, bajeti ya ziada itaipitia palepale ilipompitia mkandarasi wetu wa zahanati.

Tena bima ya ukame hulipia ukame tu. Dhoruba Ana ya Januari 2022 iliharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire na kuiondolea Malawi takriban megawati 130, karibu theluthi moja ya umeme wake. Mwaka uliofuata kimbunga Freddy kiliacha uharibifu na hasara vilivyokadiriwa kuwa dola milioni 506.7. Kwa mafuriko ya namna hiyo, mkataba wa ukame ni karatasi tu. ARC imeongeza bima ya vimbunga, na Madagascar iliwahi kunufaika nayo ilipolipwa dola milioni 10.7 baada ya kimbunga Batsirai mwaka 2022, lakini kila janga lina mkataba wake na ada yake.

Na ada hulipwa kwa dola. Mwezi Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, kwa sababu nyingi, ukosefu wa dola ukiwa mojawapo. Ada ambayo haijabadilika hata senti katika dola inakuwa nzito zaidi kwa kwacha kwa usiku mmoja, na inakuwa nzito hasa pale nchi inapokuwa imechoka. Ndiyo maana sehemu ya ada za nchi nyingi hulipwa na wafadhili, hususan kupitia mpango ulioanzishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Sina tatizo na ruzuku hiyo, maana nchi zinazolipia kukosekana kwa mvua hazikuchangia sana moshi ulioleta hali hiyo. Tatizo ni kwamba mteja asiyelipa mwenyewe hachungulii gunia, na mfadhili akiondoka, mkataba huondoka naye.

Washindani wapo, na hakiki isiyowataja ingekuwa tangazo. Mshindani wa kwanza ni akiba yako mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya mwaka 2012 inaruhusu mfuko wa dharura wa taifa wa hadi shilingi bilioni 10, na kaunti kuweka hadi asilimia 2 ya mapato yake. Akiba haina kizingiti wala setilaiti, ila ina majaribu: mwaka wa mvua nzuri kila mtu huitazama kama pesa zilizolala. Mshindani wa pili ni mkopo wa Benki ya Dunia unaoidhinishwa mapema na kutolewa janga likitangazwa, kama ule wa dola milioni 200 ulioidhinishwa kwa Kenya mwaka 2018. Huja haraka na ni mkubwa kuliko fidia yoyote ya ARC, lakini ni deni, na nchi iliyofika shingoni kwa madeni huongeza tone lingine.

Wa tatu ni hatifungani ya majanga, ambayo Jamaica imeitumia. Wawekezaji waliweka dola milioni 150, wakikubali kuzipoteza iwapo kimbunga kingepita kikiwa na shinikizo la hewa chini ya kiwango kilichotajwa. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024, kipimo hakikufikiwa na Jamaica haikupata kitu, na lawama zilikuwa zilezile za Malawi. Oktoba 2025 kikaja Melissa, na dola zote milioni 150 zikalipwa. Kilichonivutia huko ni kwamba Jamaica haikuitegemea hatifungani peke yake. Ilikuwa na akiba kwa majanga madogo, bima ya pamoja ya nchi za Karibea kwa ya kati, na hatifungani kwa yale makubwa. Beryl ilipoikosa tabaka la juu, matabaka ya chini yalikuwapo.

Kwa hiyo naipa bima ya ukame ya ARC nyota tatu kati ya tano. Nyota moja naikata kwa ukubwa wa fidia, na nyingine kwa sababu tofauti kati ya programu na shamba bado inamwangukia mteja, ambaye ndiye mwenye nguvu ndogo zaidi ya kuistahimili. Ningeishauri wizara ya nchi yangu irudi kununua, kwa kizingiti cha juu, kwa ukame mkubwa tu, ikiuachia mfuko wa dharura ile miaka ya kawaida ya shida, na ada iandikwe katika bajeti ya msingi, isiwe ya kuombewa kila mwaka. Fidia nayo iwe na njia yake ya kufika kaunti bila kukaa kwenye akaunti kuu, kwa sababu boza haliendeshwi kwa ahadi.

Na kabla ya saini, ningetaka maofisa wa kilimo wapite kwenye maduka ya pembejeo ya kila wilaya itakayolindwa, wachukue orodha ya mbegu zilizouzwa msimu uliopita na siku zinazochukua kukomaa, na waiweke mezani kando ya vigezo vya programu. Kwa wafugaji wafanye vivyo hivyo: waulize ni lini hasa malisho huisha na mifugo huhamia wapi. Kazi hiyo ni ya wiki mbili na mafuta ya gari, na ikionyesha kwamba mhindi wa mkataba si ule unaopandwa, mkataba urudishwe ukarekebishwe kabla dola ya kwanza haijatoka.